Ukingo ni wa Nani? Maji ya Mji wa London na Starehe Zake

Wahenga walinena kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Mtu wa pwani huisikia methali hii akatabasamu, kwani yeye bahari anayo mlangoni, akifungua dirisha upepo wake humpiga usoni. Lakini wako watu, tena kwa mamilioni, waliozaliwa katika miji mikubwa iliyo mbali na bahari, ambao kifuu chao ndicho hicho hicho walichopewa: bwawa lililo katikati ya mbuga, mfereji unaopita nyuma ya maghala, mto wa rangi ya tope unaoukata mji vipande viwili. Hao nao huogelea, huvua, hupiga makasia, au hukaa tu ukingoni wakayatazama maji mpaka moyo ukatua.

London, mji mkuu wa Uingereza, ni mji wa namna hiyo. Alfajiri ya baridi kali, watu wa makamo na wazee huvua nguo kando ya mabwawa ya Hampstead Heath, kaskazini mwa mji, wakaingia katika maji ambayo mgeni hathubutu hata kuyatia kidole. Anayewatazama hudhani kwamba starehe hiyo ni ya kawaida, kwamba maji yalikuwapo na watu wakayaingia. Historia yasema vingine. Maji yote ya mji ule yaliwekwa au yalitumiwa kwa kazi kwanza, na kila mahali ambapo leo mtu hujiburudisha bure palipatikana kwa ugomvi. Maji hayana mwenyewe, lakini ukingo unaye. Na anayeushika ukingo ndiye anayeamua nani ataloa na nani atabaki kutazama kwa mbali.

Njia nyepesi ya kulithibitisha jambo hili ni kulifuata jito moja, linaloitwa Fleet, tangu linapozaliwa vilimani Hampstead na Highgate mpaka linapomwagika katika Mto Thames. Ni mwendo mfupi, wa saa mbili tatu kwa miguu, lakini ndani yake mna historia ya karne nne.

Mabwawa ya Hampstead si kazi ya maumbile. Mwaka 1692 iliundwa kampuni ya kuuza maji, nayo ikazifungia kwa kuta za udongo chemchemi zinazoulisha Fleet, ili maji yakusanyike, yakapelekwe majumbani mwa wateja kwa mabomba ya magogo. Ndiyo kusema bwawa lile ambalo leo bata hupita katikati ya vichwa vya waogeleaji lilikuwa bidhaa. Aliyelipa alikunywa. Kampuni zilipohama na kutafuta maji kwingine, mabwawa yakabaki, na mbuga iliyoyazunguka ikawa na mwenyewe ambaye alikuwa na mipango yake.

Mwenyewe huyo alikuwa Sir Thomas Maryon Wilson. Mwaka 1829 alipeleka Bungeni muswada wa kuomba ruhusa ya kukodisha ardhi yake ili nyumba zijengwe. Kwa karatasi za sheria haki ilikuwa yake. Lakini wakazi wa Hampstead wakainuka kumpinga, na ubishi ule ukadumu miaka 40, muswada baada ya muswada, mpaka alipokufa mwaka 1869. Insafu yataka isemwe kwamba waliompinga hawakuwa mafukara watupu. Wengi walikuwa matajiri, wenye nyumba zilizoitazama mbuga ile, wakichelea kwamba matofali yangewaziba macho. Hata hivyo, waliyoyalinda kwa ajili ya madirisha yao yaliwafaa pia vibarua waliopanda kilimani siku za mapumziko kutafuta hewa. Mwaka 1871 mrithi wake, ndugu yake Sir John, aliiuza mbuga kwa pauni 45,000, na sheria ya Bunge ikaifanya iwe ya umma. Mwaka 1889 ikaongezwa ardhi ya jirani, pamoja na mabwawa ya upande wa Highgate.

Baada ya hapo starehe ikaanza kupewa anwani. Mwaka 1893 bwawa moja la Highgate lilitengwa rasmi kwa wanaume. Wanawake walingoja. Bwawa lao, lililofichwa na miti, lilifunguliwa mwaka 1925, zaidi ya miaka 30 baadaye. Kwa hiyo hata ukingo ulipokuwa wa umma, neno umma lilikuwa na mlango mwembamba, na walioachwa nje walihitaji kizazi kizima kuupanua.

Wala ugomvi haukuishia hapo. Mwanzoni mwa karne hii, waogeleaji wa majira ya baridi waliomba ruhusa ya kuingia majini asubuhi mapema, kabla walinzi wa waogeleaji hawajafika kazini. Wasimamizi wa mbuga, ambao tangu 1989 ni mamlaka ya City of London, walikataa, wakihofu kushtakiwa endapo mtu atazama. Kesi ikafika Mahakama Kuu. Mwaka 2005 jaji akaamua kwamba mtu mzima, mwenye akili zake, anayo hiari ya kuikabili hatari anayoijua, na kwamba mwenye ukingo hatahesabiwa mkosaji kwa kumwachia hiari hiyo. Lakini walioshinda katika hilo walishindwa katika jingine: ada iliyoanza mwaka huo huo wa 2005 kwa kuaminiana, mtu akitia sarafu akipenda, iligeuzwa mwaka 2020 ikawa ya lazima. Wenye kipato kidogo walilalamika kwamba maji waliyoyaogelea bure maisha yao yote yamerudi kuwa bidhaa, kama yalivyokuwa siku za kampuni ile ya 1692. Bandu bandu huisha gogo.

Kutoka mabwawani Fleet hushuka kuelekea kusini, na mara tu likishaiacha mbuga halionekani tena. Limezikwa. Si kwamba limekauka. Lingali likitiririka chini ya barabara, ndani ya mfereji wa matofali, likichukua maji taka ya mitaa. Zamani lilikuwa jito pana, na sehemu yake ya chini mashua ziliingia kutoka Thames. Lakini wachinjaji walitupa matumbo humo, wangozi walitupa maji ya ngozi, na kila mwenye nyumba ukingoni alitupa alichokichukia. Baada ya moto mkubwa wa mwaka 1666, Christopher Wren na mwenzake Robert Hooke walijaribu kuliokoa kwa kuligeuza mfereji mzuri wenye gati pande zote mbili. Ilikuwa ndoto njema, ila taka hazikukoma, wala wenye mashua hawakuja kwa wingi uliotarajiwa. Mwaka 1737 sehemu moja ikafunikwa na soko likajengwa juu yake. Kufikia 1766 sehemu iliyobaki hadi Thames nayo ikafunikwa. Leo, katika mtaa wa Ray Street, Clerkenwell, mna kimia cha chuma barabarani. Mtu akiinama na kutega sikio, husikia Fleet likipita chini. Maji yale yale yanayochezewa na waogeleaji kule juu, hapa ni sauti tu gizani.

Hapa pana funzo. Jito halikuuawa na mtu mmoja mwovu. Liliuawa na watu wengi waliokuwa na ukingo wake kila mmoja kipande, wala pasiwe na hata mmoja aliyelihesabu kuwa lake lote.

Jirani na pale Fleet linapopita chini ya King's Cross, maji mengine yako juu ya ardhi. Ni mfereji wa Regent's Canal, uliochimbwa kuunganisha mifereji ya bara na bandari ya Thames pale Limehouse. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1816, na wote ukakamilika mwaka 1820. Urefu wake ni kama kilomita 14. Msanifu John Nash, aliyekuwa mmoja wa wakurugenzi wake, aliyawaza matishali yakipita katikati ya bustani ya kifalme ya Regent's Park kama pambo. Inasimuliwa kwamba wakubwa walikataa, kwa kuwa lugha ya mabaharia wa matishali haikufaa masikio ya watu wa heshima, mfereji ukasukumwa pembezoni, ukapita ndani ya bonde lililochimbwa ili wasionekane. Maji yaleyale, ila ukingo wa mabwana ulikuwa juu na ukingo wa vibarua ulikuwa chini.

Kazi ya mfereji ilikuwa nzito. Farasi alilikokota tishali kwa kamba, akipita njia nyembamba kandoni, na alama za kamba zile zimechongwa katika vyuma vya madaraja hadi leo. Pale Islington mfereji huingia chini ya kilima kwa karibu mita 880, na njia ya farasi haimo. Farasi alipitishwa juu ya kilima, na watu wakalala chali juu ya mbao, wakalisukuma tishali kwa kukanyaga ukuta kwa miguu yao, hatua kwa hatua, gizani, mpaka nuru ya upande wa pili. Mwaka 1826 ikaletwa mashua ya mvuke kuwapunguzia taabu. Asubuhi ya tarehe 2 Oktoba 1874, tishali moja lililobeba baruti lililipuka chini ya daraja karibu na Regent's Park, likawaua waliokuwamo na kulibomoa daraja lote. Nguzo za chuma ziliokotwa zikasimamishwa upya, lakini zikageuzwa upande, hivyo baadhi yake zina alama za kamba pande zote mbili: upande mmoja kazi ya kabla ya mlipuko, upande wa pili kazi ya baada yake.

Hata hivyo, katika mfereji ule wa jasho ilipita starehe moja ya ajabu. Carlo Gatti, mhamiaji kutoka sehemu ya Uswisi inayosema Kitaliano, aliagiza barafu kutoka Norwe. Ikafika kwa merikebu hadi Limehouse, ikapakiwa matishalini, ikahifadhiwa ndani ya visima vipana vilivyochimbwa karibu na King's Cross. Barafu hiyo ilipoza samaki na vinywaji, na ikasaidia kuifanya aiskrimu, iliyokuwa tunu ya wenye nacho, iuzwe kwa senti chache mitaani. Jumba lenye visima hivyo tangu mwaka 1992 limekuwa makumbusho ya mifereji ya London.

Reli na malori vikaunyang'anya mfereji kazi yake. Farasi wakatoweka katika miaka ya 1950, na kufikia mwisho wa miaka ya 1960 mizigo nayo ilikuwa imekwisha. Mfereji ukabaki nyuma ya kuta na milango iliyofungwa; njia yake ya farasi haikuwa ya wapita njia. Mtoto wa Camden au Hackney aliweza kuzaliwa hatua 50 kutoka majini asiyaone. Ndipo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, halmashauri za mitaa zikaanza kuifungua njia ile sehemu baada ya sehemu. Na pale King's Cross, yadi ya zamani ya makaa ya mawe ilipokuwa karibu kutumiwa kwa mambo mengine, wakazi na wapenzi wa viumbe wakaipigania, ikafunguliwa mwaka 1985 kuwa hifadhi ndogo ya Camley Street, yenye bwawa na matete, watoto wa shule wakapata mahali pa kumwona kereng'ende. Siku hizi njia ya farasi imejaa watembea kwa miguu na baiskeli, na mashua zimekuwa nyumba za watu, wengine kwa mapenzi, wengine kwa sababu kodi ya nyumba ya nchi kavu imewashinda.

Sasa Fleet lifuatwe hadi mwisho. Hutokea chini ya daraja la Blackfriars, kwenye Thames. Hapa mtu wa pwani hahitaji mkalimani, kwani Thames ndani ya London hupwa na kujaa kama mkono wa bahari, na wakati wa bamvua tofauti ya maji hukaribia mita 7. Maji yakipwa, hujitokeza fukwe za kokoto na tope. Yakijaa, hugonga kuta. Tangu kale palikuwa na ngazi za mawe kushukia majini, na kwenye ngazi hizo walisubiri wavushaji, waliochukua abiria kwa mashua za makasia. Hao nao waliujua uzito wa ukingo. Katika majira ya baridi ya mwaka 1814, mto ulipoganda na watu wakafanya sherehe juu ya barafu kwa siku chache, wavushaji waliopoteza riziki walisimama ukingoni wakawatoza wale waliotaka kushuka barafuni. Sherehe ile ilikuwa ya mwisho. Daraja la zamani, ambalo nguzo zake nyingi zilipunguza kasi ya mto, lilivunjwa mwaka 1831, na Thames haikuganda tena katikati ya mji kiasi cha kukanyagika.

Kisha ikaja aibu. Mji ulikuwa umezidi watu milioni mbili, na uchafu wao wote ulimwagwa mtoni humo humo walimochota maji ya kunywa. Kipindupindu kiliua maelfu. Kiangazi cha mwaka 1858 uvundo ulikuwa mkubwa hata mapazia ya Bunge yakaloweshwa dawa ya chokaa, na wabunge, ambao kwa miaka mingi waliivumilia harufu hiyo ilipokuwa ya wengine, wakapitisha sheria kwa siku 18 tu. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikuu ya maji taka yenye urefu wa kilomita 132, ikiuchukua uchafu mashariki, mbali na mji. Kando ya mto akajenga ukuta mpya na barabara juu yake, na mto ukasogezwa. Lango la mawe la mwaka 1626, ambalo zamani watu wa jumba la York House walilipita kushuka mashuani, sasa limesimama bustanini zaidi ya mita 100 kutoka majini, kama nahodha aliyeachwa na chombo.

Mwaka 1875, kazi hiyo ilipokuwa inakamilika, Sayyid Barghash bin Said wa Zanzibar alifika London kwa ziara ya kiserikali. Alichokifikiri alipoutazama mji ule ni siri yake. Linalojulikana ni kwamba katika utawala wake mji wa Unguja ulipata maji safi ya bomba kutoka chemchemi zilizo nje ya mji, na kwamba watu wa kawaida walifaidika nayo.

Lakini kuondoa uchafu machoni si kuuondoa duniani. Jioni ya tarehe 3 Septemba 1878, meli ya matembezi iitwayo Princess Alice ilikuwa ikirudi mjini, imejaa familia zilizokwenda kupunga upepo kwa nauli ndogo. Iligongana na meli ya makaa, ikakatika, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu zaidi ya 600. Walizama karibu na pale pale mifereji mikuu ilipomwaga uchafu wa mji mzima, na ulikuwa umetoka kumwagwa muda mfupi kabla yake. Msiba huo uliwafunza watawala kwamba uchafu uliohamishiwa kwa jirani haujaondoka.

Haja ya kuogelea haikufa. Mwaka 1930 George Lansbury, mwanasiasa wa mitaa ya maskini ya mashariki, alipokuwa waziri mwenye dhamana ya bustani za serikali, alifungua mahali pa kuogelea katika ziwa la Serpentine, wanaume na wanawake pamoja. Miaka minne baadaye, chini ya kuta za ngome ya Tower of London, mchanga mwingi ulimwagwa ukingoni mwa Thames, na Mfalme George wa Tano akaahidi kwamba watoto wa mitaa ile watakuwa na ruhusa ya kuutumia ufuko ule daima. Maji yalipopwa ngazi iliteremshwa, nao wakashuka na ndoo zao, wakajenga ngome za mchanga mbele ya ngome ya mawe. Daima hiyo ilidumu hadi mwaka 1971. Ufuko ulifungwa kwa sababu maji yalikuwa machafu.

Uchafu huo haukuwa uvumi. Mwaka 1957 wataalamu walitamka kwamba sehemu kubwa ya Thames ndani ya mji haina uhai. Kwa mitambo bora ya kusafisha maji taka mto ukafufuka polepole, na mwaka 1974 alivuliwa samaki aina ya salmoni, ambaye alikuwa hajaonekana humo tangu miaka ya 1830. Leo zimehesabiwa aina zaidi ya 100 za samaki, na sili huzaa kwenye matope ya mlangoni mwa mto. Mwezi Februari 2025, mfereji mkuu mpya wa chini ya ardhi, wenye urefu wa kilomita 25, uliunganishwa wote, kuyapokea maji taka ambayo mifereji ya Bazalgette iliyafurisha mtoni kila mvua kubwa iliponyesha. Gharama yake hulipwa na wakazi wenyewe kupitia ankara zao za maji.

Basi je, watashuka sasa? Tangu mwaka 2012, mtu haruhusiwi kuogelea katika Thames kati ya daraja la Putney na Crossness pasipo kibali cha mamlaka ya bandari. Sababu inaeleweka, kwani mkondo ni mkali na vyombo ni vingi. Lakini msomaji aliyeufuata mwendo huu tangu vilimani ameshajua kwamba sababu zote zilizowahi kutolewa zilieleweka: haki ya mwenye ardhi, heshima ya wanawake, lugha ya mabaharia, hofu ya mashtaka. Nyingine zilikuwa za kweli. Nyingine zilitoweka siku watu walipokataa kuzitii.

Maji ukiyavulia nguo yaoge. Watu wa London waliyavulia nguo zamani, nao bado hawajamaliza kuyaoga. Mwenye bahari mlangoni naye asicheke upesi, bali aende kwanza akautazame ufuko wake, ahesabu njia za kushukia majini alizozijua utotoni, kisha aone zimebaki ngapi ambazo hazina lango wala mlinzi.